Aliyemkimbia Mama Mastula

Jumamosi asubuhi duka la spea la Adrisi, nyuma ya soko la Jinja, lilikuwa halina pa kuweka mguu. Madereva wa teksi, makanika na wenye pikipiki kutoka Buwenge walikuwa wamejazana kwenye kaunta, kila mmoja ameshika chuma chake kibovu na anapaza sauti ahudumiwe kwanza. Madinah Bakhit alipenya katikati yao bila kuomba radhi. Alivaa gauni la rangi ya samli alilolishona mwenyewe, likamkaa kiunoni kama alivyokusudia, na mtandio wa zambarau, na harufu ya udi ilimtangulia. Wanaume walimpisha. Mikono yao ilikuwa na grisi na hakuna aliyetaka kesi na gauni lile.

"Adrisi, nipe beringi ya mbele ya Korola," alisema. "Mpya kabisa. Usinipe zile unazoosha kwa petroli halafu unarudisha kwenye boksi."

"Mpya imebaki moja, nyabo, na huyu bwana amekutangulia," Adrisi alijibu akinyoosha kidole.

Bwana mwenyewe alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu ya mafundi umeme wa bwawa jipya lililokuwa likijengwa kwenye mto, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Boksi lilikuwa tayari mkononi mwake. Alikuwa na mwanya, na alijua kuutumia.

"Gari yako iko wapi?" Madinah alimuuliza bila hata salamu.

"Iko nyumbani, imepumzika."

"Yangu iko hapo nje. Inanguruma mpaka kuku wa Bugembe wanajua nimerudi. Sasa kati yetu, nani ana haraka?"

"Inanguruma upande gani?"

"Kushoto."

"Una hakika?"

"Ni gari ya marehemu baba yangu. Nimekaa ndani yake kabla sijaanza shule. Unataka kunifundisha?"

Kijana alicheka. "Basi tufanye hivi. Twende nikaisikilize. Ikiwa ni kushoto, boksi ni lako na mimi naomba radhi. Ikiwa ni kulia, boksi ni lako vilevile, lakini naifunga mimi."

"Kwa hiyo beringi nimepata."

"Beringi umepata. Jina langu ni Lukman Wamono, natoka Mbale, na leo sina kazi."

Adrisi alimeza kicheko chake akageukia wateja wengine.

Madinah aliendesha, Lukman akakaa upande wa abiria, dirisha wazi na sikio nje. Walipoingia barabara ya Iganga gari ilianza kuvuma, na kila mwendo ulipoongezeka na kelele ilipanda, hadi wakawa wanazungumza kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Yumba kushoto kidogo," Lukman alisema. Ngurumo ikazidi. "Sasa upande wa pili." Ngurumo ikapungua, ikawa karibu inyamaze. "Umesikia? Ni ya kulia. Ukikata kushoto, uzito wa gari unalalia gurudumu la kulia, na beringi iliyochoka inapiga kelele ikielemewa."

"Mimi naisikia kushoto."

"Sauti inatembea chini ya sakafu, inadanganya watu. Hata makanika inawadanganya."

Madinah hakuwa mtu wa kupenda kushindwa, na alishangaa kuona kwamba kushindwa na huyu hakukumuuma hata kidogo.

Kesho yake Lukman alifika Bugembe na spana zake, akaifunga ile beringi uani. Mama yake Madinah, Mama Mastula, alitoka amejifunga gurbaba yake, lile vazi la wanawake wa Kinubi, akavuta kigoda karibu kabisa na gurudumu. Lukman alimpa mikono yote miwili, akamwamkia, na kutwa nzima Mama Mastula akawa anampa spana na kumsimulia habari za marehemu mumewe aliyekuwa dereva wa jeshi. Adhuhuri walikula kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, kwenye sinia moja. Jioni Korola ilikwenda hadi barabarani na kurudi, kimya kabisa, na Mama Mastula akasema kijana huyu ana mkono wa baraka.

Madinah aliliona hilo akalihifadhi moyoni. Serikali ya wanajeshi, iliyowategemea Wanubi, ilipoanguka, yeye alikuwa bado mtoto, na alishuhudia majirani waliokula nyumbani kwao miaka yote wakianza kuvuka barabara wanapomwona mama yake. Mnubi, mjane wa askari; hawakuhitaji kosa jingine. Mpaka sasa kuna wauzaji sokoni wanaoiweka chenji ya Mama Mastula juu ya meza ili wasiguse kiganja chake. Kwa hiyo Madinah alikuwa na sharti moja tu, na wanaume wawili walishalipoteza penzi lake kwa sababu ya sharti hilo: asiyemheshimu mama yake asimtafute yeye.

Lukman alionekana kulipita sharti hilo akiwa amefumba macho. Penzi likashika kasi. Mchana simu ya dukani, kule Madinah alikokuwa na cherehani zake za kushona sare za shule, ilikuwa haipoi.

"Duka la Madinah, karibu."

"Nataka kushonewa suti ya harusi."

"Ya nani?"

"Yangu. Bibi harusi bado namfuatilia, lakini wewe anza na suruali."

"Afande, wateja wananisubiri." Alimwita afande kwa ajili ya ile ovaroli yake.

"Na mimi ni mteja, roho yangu. Leo umevaa nini?"

"Nimevaa shughuli. Kata simu."

Hakuna aliyekata. Mafundi wenzake Lukman kwenye ofisi ya mradi walijifunza kungoja zamu ya simu wakiwa wamekaa chini.

Halafu Lukman akaenda kwao Mbale kwa siku chache, na aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Kwa Madinah alikuwa yuleyule, tena mtamu zaidi. Tatizo lilikuwa kwa mama. Siku ya harusi ya binamu yake Madinah huko Buwenge walikubaliana kwenda pamoja kwa Korola. Lukman alipomwona Mama Mastula amekaa kiti cha mbele, alisimama ghafla, akasema amesahau kitu, akapanda teksi peke yake. Kule harusini alikula na wapishi nyuma ya jiko. Madinah alijiambia labda aliona haya mbele za watu. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliamini kidogo zaidi ya alivyopaswa.

Kisha beringi ya kushoto nayo ikaanza kuvuma.

"Nilikwambia kushoto," Madinah alisema.

"Ulisema mapema mno, ndiyo kosa lako," Lukman akamjibu.

Safari hii Madinah alitaka kuifunga kwa mikono yake, Lukman amwelekeze tu. Alivaa gauni kuukuu na kanga kichwani. Waliweka mawe nyuma ya magurudumu, wakainua gari kwa jeki na kuikalisha juu ya gogo. Madinah alilishika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza. Akalifungua, akaitoa breki, wakaining'iniza kwa waya ili bomba la mafuta lisivutike. Akang'oa kifuniko, akachomoa pini, akafungua nati, na habu nzima, kile kitovu cha gurudumu, ikamjia mikononi, nzito, na grisi yake imekuwa nyeusi kama masizi.

"Ndani kuna beringi mbili, kubwa na ndogo," Lukman alisema. "Na kila moja inakaa ndani ya pete yake ya chuma iliyobanwa kwenye habu. Watu wavivu wanaziacha pete za zamani. Wanaweka beringi mpya juu ya pete iliyoliwa, mwezi ukiisha kelele imerudi. Zigonge zitoke."

Madinah alizigonga kwa nyundo na kipande cha chuma, huku kidogo na huku kidogo, hadi zikaanguka. Alizikalisha mpya kwa utaratibu huohuo, akisikiliza sauti ya nyundo ibadilike kuwa nzito, dalili kwamba pete imefika mwisho. Kisha Lukman akamwekea donge la grisi kwenye kiganja.

"Sukuma beringi ndani ya grisi mpaka itokee upande wa pili. Usione huruma. Hivi." Akamshika kifundo cha mkono kumwonyesha, na hakukiachia mara moja.

"Hii ni kazi au ni nini?" Madinah alimuuliza.

"Ni kazi. Inahitaji kushikana sana."

Walikuwa wanacheka, habu imerudi mahali pake na nati imeshikishwa kwa vidole tu, Mama Mastula alipotoka jikoni na sinia ya chai. Alikuwa ametia tangawizi, kama Lukman alivyoipenda. "Lukman, baba, njoo unywe," alisema, akimsogelea.

Lukman aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Spana ikaanguka, na kabla Madinah hajaelewa, mwanamume mzima mwenye ndevu alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba.

"Madinah," alisema kutoka kule, "mwambie aiweke chini tu. Nitakunywa akishaondoka."

Mama Mastula alisimama na sinia yake. Usoni hakubadilika, na hilo ndilo lililomchoma Madinah. Ulikuwa uso uleule wa sokoni, chenji inapowekwa juu ya meza. "Nimezoea, binti yangu," alisema. Akaweka sinia juu ya kigoda, akarudi ndani.

"Toka hapo," Madinah alisema. Lukman akatoka. "Mama yangu ana ukoma?"

"Wallahi si hivyo."

"Ni vipi? Juzi ulikula naye sinia moja. Umekwenda Mbale, umerudi humtazami. Nani amekwambia nini juu ya Wanubi?"

"Hakuna aliyesema kitu. Madinah, hili jambo si mimi wa kulisema. Kuna watu watakuja, watalisema kwa utaratibu."

"Watu gani waje kunieleza kwa nini mama yangu anakimbiwa? Unajua mimi na wewe tungefika mbali? Nakupenda, na sioni haya kusema. Lakini kwa mama yangu sina bei. Ondoka."

Lukman akaondoka, spana zake akaziacha chini. Madinah aliikaza ile nati mwenyewe, akatia pini, akarudisha breki na tairi huku machozi yakimtoka, na alichukia kwamba yalimtoka.

Jumatatu simu ya dukani ililia.

"Madinah, usikate. Ile nati umeikazaje?"

"Kwa hasira."

"Basi ilegeze. Kaza huku unazungusha gurudumu, mpaka beringi zikae. Halafu rudisha nati nyuma kidogo, gurudumu lizunguke jepesi bila kucheza. Ndipo utie pini. Ukiliacha limebanwa litaungua njiani."

"Umempigia nani, Lukman? Mimi au gurudumu?"

"Nimekupigia wewe unayekaa juu yake."

Madinah akakata simu. Adhuhuri alifunga duka, akaenda nyumbani, akapiga jeki, akafanya kila alichoambiwa hatua kwa hatua, na kwa kila hatua alimpa Lukman tusi lake. Gurudumu likazunguka jepesi, bila sauti. Hilo nalo lilimuudhi.

Ijumaa alikuwa na sare za kupeleka Mbale. Alipita njia ya Tirinyi, madirisha wazi, mpunga pande zote mbili, na katikati ya safari alisimama akagusa habu kwa kiganja. Ilikuwa vuguvugu tu. Aliendesha kwa fahari hadi mlima wa Wanale ulipotokea juu ya mji, akakabidhi sare, kisha badala ya kugeuza akauliza njia ya Namakwekwe, nyumbani kwa kina Lukman. Kama huyu mtu alifundishwa dharau, alitaka kumwona aliyemfundisha.

Alimkuta mwanamke mnene aliyevaa gomesi ya maua, akipepeta maharage barazani. Mwanamke alimtazama yeye, akaitazama Korola, akaweka ungo chini.

"Wewe ndiye Madinah," alisema. "Mimi ni Hajati Nambozo, mama yake Lukman. Mbona umekuja mwenyewe? Wazee wetu wanakuja kwenu wiki ijayo."

"Kufanya nini, Hajati? Nimekuja kwa heshima, lakini nitasema. Mwanao amemdhalilisha mama yangu. Anamkimbia. Hataki kupanda naye gari, hataki chai yake, amejificha nyuma ya tangi kama mwizi. Mama yangu hakumfanyia baya lolote."

Alitegemea ugomvi. Hajati Nambozo alianza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gomesi.

"Mwanangu, nisamehe, sikucheki wewe," alisema. "Kwetu Bugisu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hali naye, akikutana naye njiani anaingia hata kwenye miiba. Heshima kubwa kuliko hiyo hatuna."

"Mama mkwe? Mimi sijaolewa."

"Na mimi ndiyo nashangaa. Lukman, njoo hapa."

Lukman, aliyekuwa amerudi kwao kuwaandaa wazee, alitokea nyuma ya nyumba, ndevu zina povu la sabuni, akasimama kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Wasoga wa Bugembe nao wana desturi hiyohiyo, na Madinah aliijua tangu utoto. Ila aliijua kama mambo ya watu waliokwisha kuoana. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kuianza kabla hajasema neno.

"Yaani wewe umeshanioa," alisema polepole. "Lini?"

"Siku nilipomwambia mama. Nilipolitamka mbele yake, kwangu likawa limekwisha. Niliporudi nikamwona mama yako, miguu ikakataa kumsogelea."

"Na mimi ulikuwa uniambie lini?"

"Wazee wakija. Kwetu mwoaji hajisemei."

"Watu wote wanajua nimeolewa, mama yako, wajomba zako, labda na mafundi wa bwawa. Mimi peke yangu ndiyo sijui."

"Nilidhani unajua. Nilikuagiza suti kwenye simu."

Madinah alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na kucheka kukageuka kuwa kulia kidogo. Hajati Nambozo alijitia kuokota maharage. Lukman alimsogelea, akamfuta chozi kwa kidole, akamwachia povu shavuni.

"Sikiliza, habibi," Madinah alisema. "Mimi nimekuelewa. Lakini mama yangu sasa hivi amekaa nyumbani na anajua umemkimbia kama walivyomkimbia wale wengine. Hatangoja wiki ijayo. Nawa uso, panda gari."

"Nitasimamaje mbele yake?"

"Hilo utalifikiria njiani."

Walifika Bugembe jua likiwa bado lina nguvu. Mama Mastula alikuwa barazani juu ya mkeka, anasuka kifuniko cha sinia kwa nyuzi za rangi. Lukman alishuka, akatembea hadi katikati ya ua, akageuka akaipa nyumba mgongo, akapiga magoti akitazama barabara. Madinah alibaki amesimama katikati yao.

"Mama, Lukman amekuja."

"Namwona. Au tuseme, naona mgongo wake." Mikono ya mama haikuacha kusuka.

"Madinah," Lukman alisema, "mwambie mama kwamba kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Mwambie nilianza kumpa heshima ya mkwe kabla sijamwomba binti yake. Hapo nimekosa, na nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kumwomba binti."

Mikono ya Mama Mastula ikasimama.

"Mama, anasema anataka kunioa," Madinah alisema.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize kama wewe mwenyewe umekubali."

"Lukman, mama anauliza kama mimi nimekubali."

"Umekubali?"

"Mwambie mama nimekubali."

"Mimi siruhusiwi kusema naye."

"Basi nitamwambia mwenyewe." Madinah akamgeukia mama yake. "Nimekubali, mama."

Mama Mastula alitazama ule mgongo uliopiga magoti uani kwake. Aliutazama sana. Kisha akainuka, akakaza gurbaba yake kiunoni, akasawazisha mtandio kichwani kama mtu anayetoka kwenda kwenye sherehe.

"Mwambie huyo kijana," alisema, "miaka yote hii watu wananikimbia kwa sababu wananichukia. Kama yeye ananikimbia kwa heshima, akimbie. Nimempa ruhusa. Na wewe mpe chakula aingie barazani, mimi napisha."

Akapita pembeni, mbali naye kama desturi ilivyotaka, akatoka hadi ukuta wa jirani yao Kagoya, Msoga aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake wanne wakimenya ndizi. Angeweza kuzungumza naye kwa kunong'ona, maana ukuta ulikuwa mfupi. Lakini Mama Mastula alipaza sauti, na waliokuwa wakipita barabarani wakageuza vichwa kusikiliza.

"Kagoya, nisogezeeni kiti," alisema. "Mkwe wangu amekuja, siwezi kukaa nyumbani."